Samaki wa Umeme Ndani ya Pipa la Mama Lucian

Jumatatu, 9 Septemba

Kosa la watu wengi ni kudhani kuwa samaki wa umeme huuchota umeme majini, kama simu inavyouchota ukutani. Sivyo. Samaki hachajiwi. Samaki anakula. Umeme anautengeneza mwenyewe, kwa nyama yake mwenyewe, kila anapouhitaji. Naandika haya kwa utulivu. Mchana niliyasema kwa utulivu vilevile na hakuna aliyesikiliza.

Aliyekosea ni Sultani, fundi redio, mbele ya duka lake, na mbele ya Mkuu wa shule, Mama Ursula, aliyekuwa amefuata pasi yake. Nilikuwa namweleza Mkuu habari za chumba cha viumbe. Nikafika kwenye mchoro wa samaki wa umeme ulioko ukutani humo, ambao niliuchora kwa mkono wangu. Sultani akadakia kwamba jambo hilo ni rahisi: maji yanapita kwenye mitambo ya umeme, samaki anakaa ndani ya maji, anajichaji. Mama Ursula akaitikia kwa kichwa. Aliitikia!

Chumba cha viumbe ndicho kiini cha yote. Ni kile chumba kidogo mwisho wa maabara. Nilikijaza mimi, miaka yote niliyofundisha baiolojia hapa Newala: kifutu kwenye chupa, kinyonga, popo, kifaranga ambaye hakutoka yaiani, fuvu la nyani. Nimestaafu ualimu. Ufunguo sikuustaafu.

Sasa Jumamosi bodi ya shule inakaa. Sultani ameomba apewe chumba awafundishe vijana ufundi wa redio na sola. Ombi zuri, sikatai. Lakini kifutu wangu aende wapi?

Mama Ursula hakunificha. Alisema wajumbe watauliza neno moja tu.

"Mwalimu, watauliza nani anaingia humo. Kila kitu chako kimekufa."

Kweli kabisa. Nilirudi nyumbani nikiwaza. Nimepata mpango. Nitawaletea kilicho hai. Tena kilicho hai na chenye umeme, ili Sultani aone kwa macho yake kwamba hakina waya.

Shida ni moja. Sisi wa huku juu hatuna mto. Maji yetu ni ya mvua iliyovunwa, au ya dumu juu ya baiskeli kutoka bondeni. Lakini Ruvuma iko pale chini, na mle ndani wamo samaki wa pua ndefu, wenye umeme kidogo. Nimempigia Kulwa, mwenye meza ya samaki sokoni Masasi. Ni Msukuma, ameolewa huku. Alinipa shikamoo, nikamwelezea pua ile kwa kirefu. Akacheka. Akasema kwao Mwanza huyo ni domodomo, na kama nilikuwa namtaka domodomo ningesema domodomo.

Samaki atafika kesho. Mpango unakwenda.


Jumanne, 10 Septemba

Samaki amefika na gari la asubuhi. Amefungwa kwenye gazeti. Mkavu.

Nilisahau kusema awe hai.

Najitetea: nani huku kwetu amewahi kumwagiza samaki akafikiria kusema hivyo? Watoto wa Kitangari niliowafundisha wote walikuwa wanamchora samaki akiwa amekunjwa, mweusi, bila macho, kwa kuwa hawajamwona wa namna nyingine. Nilikuwa nawacheka. Leo sicheki.

Pili, hana mkia. Nilimpigia Kulwa kuuliza. Alishangaa nikiuliza. Alisema mkia wa domodomo ni kijiti, hauna nyama, juu ya moto unaungua kabla ya mwili kukauka, kwa hiyo wakaushaji huukata na kumtupia paka.

Wamemtupia paka kiungo chenyewe!

Niliketi nikamweleza Mama Lucian, mke wangu, aliyekuwa anakuna nazi. Nilimwambia kile kijiti ndicho chenye umeme. Ukikikata katikati unaona safu nne za visahani vidogo sana, safu mbili kila upande wa uti wa mgongo, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine kama mawe ya tochi. Kila kisahani ni seli moja. Umeme wa seli moja si kitu. Ila neva ikitoa amri, visahani vyote vinapiga kwa pamoja, na kidogo juu ya kidogo kinakuwa kitu.

Akauliza visahani hivyo vilitoka wapi. Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa wiki hii. Vilitoka kwenye msuli, nikamwambia. Samaki akiwa mchanga, seli hizo zinaanza kama msuli wa kawaida. Msuli una mambo mawili: unapokea amri, ambayo yenyewe ni umeme mdogo, kisha unavuta. Seli hizi zikaacha kuvuta. Zikajibana zikawa bapa, zikabaki na amri tu.

Mama Lucian hakuinua macho kwenye mbuzi ya nazi.

"Kama wewe, Baba Lucian. Kazi umeacha, amri umebaki nazo."

Tumemla samaki kwa nazi na ming'oko, viazi vyetu vya porini. Mtamu. Kesho nakwenda Masasi mwenyewe. Nimempigia tena Kulwa, nimesema hai, hai, hai. Amesema amesikia, na kwamba watu wa mtoni watamletea alfajiri, lakini anaomba nisimwambie mtu, wateja wake watamdhania amechanganyikiwa.


Jumatano, 11 Septemba

Ninaye!

Urefu wa shibiri moja. Kijivu, laini, pua imeinama kama anatafuta sindano iliyodondoka. Mkia kijiti, mzima kabisa. Macho madogo, karibu hayana kazi. Kulwa alinikabidhi kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko, akasema katika kuuza kwake kote hajawahi kumpa mteja samaki na samaki akamtazama.

Nilipoingiza kidole sikusikia chochote. Ndivyo inavyotakiwa. Umeme wake ni dhaifu, hauumi hata kumbikumbi. Si silaha. Ni macho yake. Mtoni kuna tope, anapiga umeme kuzunguka mwili, na ngozi yake inasoma pale umeme ule ulipopindishwa na jiwe, na mzizi, na mdudu. Anaona kwa ngozi! Abiria niliyekaa naye aliniuliza kama ni dawa. Nilimweleza toka Masasi mpaka Chiungutwa. Alipofika Chiungutwa aliteremka, ingawa nauli yake ilikuwa ya Newala.

Hapohapo Chiungutwa gari likapasua tairi. Jua kali. Maji ya ndoo yalikuwa yamemwagika nusu njiani, na samaki alianza kupiga midomo juu. Nikaenda nyumba ya karibu, nikabisha hodi, nikaomba maji. Mama wa watu akaniita babu, akanipa shikamoo, akaniletea maji ya kunywa kwenye kikombe kizuri, akipiga goti. Nikashukuru. Nikayamimina ndoono.

Alisimama ananitazama. Akauliza kwa adabu kama hayakuwa safi. Nikamwambia ni safi sana, aniongeze kingine. Akaleta. Nikamimina. Cha tatu hakukileta, alimleta mumewe. Yule bwana alifunua mfuniko, akaona, akasema maji wameyafuata wao mbali, tena kwa baiskeli, na mimi nakinywesha kitoweo.

Niliomba radhi. Ilikuwa haki yake. Hata hivyo nilimweleza juu ya visahani.

Nimefika nyumbani jioni. Beseni zote zina nguo za kufua. Mama Lucian hayupo, yuko jumuiya. Nimemweka samaki kwenye pipa la jikoni, lile lililojaa. Ni maji ya mvua, hayana dawa. Atalala vizuri. Nitamwambia Mama Lucian kesho, kwa taratibu, baada ya chai.


Alhamisi, 12 Septemba

Alijua kabla ya chai.

Alizamisha kata ndani ya pipa, akaitoa taratibu, akaiweka chini. Kisha akaniita, kwa sauti ndogo sana. Sauti yake ikiwa ndogo naogopa zaidi.

"Baba Lucian. Kuna kitu ndani ya maji yangu, kina pua."

Nilianza kueleza. Akasema anaujua umuhimu wa elimu, ameishi nayo nyumba moja tangu aolewe. Ila uji hapiki kwa maji hayo. Nikasema tutayachemsha. Akasema basi na pua nayo itachemka. Mwishowe samaki amehamia kwenye beseni la bluu, nguo zimehamia kwenye kamba zikiwa na sabuni, na maji ya pipa yamemwagiliwa mchicha. Jirani yetu, Mama Furaha, alitazama yote hayo juu ya ua. Huyo akiona jambo asubuhi, adhuhuri liko stendi.

Sasa sehemu ngumu ya mpango. Samaki haumi, haangazi, hafanyi kishindo. Wajumbe watamwona kitoweo tu. Lakini ukizamisha ncha mbili za waya majini, ukaziunganisha na amplifaya, umeme wake unatoka kwenye spika kama sauti. Nilisoma hilo zamani, nimelifundisha kila mwaka, sijawahi kulisikia kwa masikio yangu. Hata mara moja.

Mwenye amplifaya hapa mtaani ni mmoja. Sultani.

Kumwambia kweli haiwezekani. Atakuja, atasimama katikati, atasema mambo ya kuchaji. Nikatunga mpango. Nikaenda nikamwambia kwaya ya kigango inajaribu wimbo mpya, inaomba amplifaya siku mbili. Akaniuliza wimbo gani. Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nikasema ni wimbo mrefu. Akaniuliza tangu lini nipo kwaya. Nikasema tangu juzi. Alinitazama, akanipa. Wakati wa kunipa alisema maneno mengi kuhusu plagi na betri, nami sikuyasikia vizuri kwa kuwa nilikuwa natunga jina la wimbo.

Nilipotoka nilikutana na Mama Ursula. Nikaona nimwandae. Nikamweleza kwamba mtoto wa samaki huyu ana kiungo cha umeme cha utotoni, kiwiliwilini. Akikua, kipya kinachipuka mkiani. Kwa muda vyote viwili vinapiga pamoja. Kisha cha zamani kinanywea chenyewe, polepole, kipya kikiwa kimeshika kazi. Nikamwambia ona hekima hiyo: cha zamani hakifukuzwi.

Akafikiri kidogo. Akasema amefurahi kusikia, maana ndivyo alivyokuwa anafikiria yeye juu ya chumba.

Sikupenda alivyoelewa.


Ijumaa, 13 Septemba

Leo limetokea jambo. Naliandika lilivyo, kwa kuwa humu ndimo mahali pekee litakapoandikwa lilivyo.

Saa nne asubuhi nilitoa beseni uani, kwenye kivuli cha jiko. Amplifaya nikaichomeka kwenye umeme wa nyumba. Nikachuna ncha za nyaya mbili, nikazitumbukiza. Nikawasha. Spika ikavuma mmmmm, mvumo mmoja, mnene. Samaki hasikiki. Nikaongeza sauti. Mmmmm zaidi. Nikajua mvumo ule ni wa umeme wa ukutani, umeifunika sauti ndogo ya samaki kama mashine ya kukoboa inavyomfunika mtu anayenong'ona. Nikainama, miguu peku, uwanja umelowa, mkono mmoja umo majini unarekebisha waya. Mkono wa pili nikaushika mwili wa amplifaya.

Nilijikuta nimekaa ndani ya ungo wa muhogo wa Mama Lucian.

Mkono ulikuwa umekufa ganzi hadi begani. Kofia sikujua iko wapi. Spika ilinyamaza, fyuzi imekatika. Samaki mzima, anazunguka beseni, pua chini, bado anatafuta sindano yake. Amplifaya ndiyo iliyonipiga. Mwili wake unavuja umeme. Hili liko wazi kama mchana.

Lakini juu ya ua palikuwa na kichwa cha Mama Furaha.

Aliuliza kama ni samaki. Nilikuwa bado sijapata sauti. Nilinyoosha mkono kuelekea beseni, nikitaka kusema siyo. Akaona nimenyoosha mkono. Akaondoka mbio.

Hadi swala ya Ijumaa inatoka, mji mzima ulikuwa na habari kwamba Mwalimu Gervas ana samaki kutoka Ruvuma aliyemrusha juu ya paa la jiko. Watu wamekuja mchana kutwa. Walisimama mbali na beseni, wakanyoosha shingo. Mzee mmoja aliuliza kama ananunulika, ana mgogoro wa mpaka. Kijana wa bodaboda alisema asingembeba hata kwa kukodi. Mjumbe wa bodi naye alipita, akamtazama samaki, akanitazama mimi, akanipa pole kwa heshima ambayo sijaiona tangu nistaafu. Akasema kesho watakuja wote, tena mapema.

Sikusema kitu. Kusema uongo sikusema. Nilikaa kwenye kiti, nikiushika mkono wangu.

Mama Lucian alingoja wageni waishe. Akasema waambie. Nikamwambia nitawaambia, ila kwanza bodi ipitishe. Akasema mwalimu aliyemkatalia Sultani kosa dogo Jumatatu anawapa watu kosa kubwa Ijumaa. Nikamwambia hili ni la muda tu, kama kile kiungo cha utotoni. Litanywea lenyewe ukweli ukishika kazi.

Aliinama. Alikuwa anaokota muhogo wake mchangani.


Jumamosi, 14 Septemba

Walikuja wote. Bodi, walimu, wazazi, watu waliotoka Kitangari ambao mtoto wao hata hasomi hapa. Samaki nilimweka juu ya meza ndani ya chumba cha viumbe, kati ya kifutu na kinyonga. Wajumbe walijipanga ukutani, mbali na meza. Mama Ursula peke yake alisogea, hatua mbili. Nilikuwa nimebadilisha fyuzi. Amplifaya niliiweka kwenye kona, nimeifunika kitambaa. Nilipanga nianze na maelezo, nimwonyeshe samaki, niseme hatari ni kubwa tusimguse, wapige kura, waende.

Nikaeleza. Nilieleza vizuri, hilo nalijua. Safu nne. Visahani. Msuli ulioacha kuvuta. Walinyamaza kabisa, na kimya kile nilikipenda mno.

Ndipo Sultani akaingia. Amefuata amplifaya yake, alisema, maana kigango kimemwambia hakina wimbo mpya. Akafunua kitambaa. Akatazama plagi. Akatazama mkono wangu. Mtu yule ana makosa mengi ya sayansi, lakini vyombo vyake anavijua. Nilisubiri aseme. Alitoka nje, akarudi na betri ya sola kutoka kwenye baiskeli yake, akaunganisha amplifaya kwenye betri, akachukua zile ncha mbili akazizamisha, moja upande wa kichwa cha samaki, nyingine upande wa mkia. Akawasha.

Hakuna mvumo. Kimya.

Kisha: tak.

Tak. Tak. Tak-tak. Tak.

Naomba nisiandike haraka hapa. Nimefundisha jambo hili maisha yangu yote ya kazi. Nilichora ubaoni, nikafuta, nikachora. Sikuwa nimewahi kulisikia. Ni sauti kavu, ndogo, kama mtu anayevunja njiti chumba cha pili, na haifuati mwendo wa saa wala wa ngoma. Inasimama, inafikiri, inaendelea. Mama Ursula alichukua kijiko cha maabara, akakisogeza karibu na pua, bila kugusa. Tak-tak-tak-tak-tak! Akakiondoa. Tak. Tak. Samaki alikuwa anakitazama kijiko kwa umeme, na sisi tulikuwa tunasikia akitazama. Wajumbe walitoka ukutani. Wote. Walizunguka meza, vichwa vimegongana. Mjumbe mmoja mzee sana aliomba kijiko, akasogeza, akacheka peke yake kama mtoto mchanga. Hakuna aliyekuwa anakumbuka kura.

Ningeweza kunyamaza hapo.

Mama Ursula akaniuliza kama huyu ndiye aliyenirusha jana. Aliuliza kwa upole. Mlango ulikuwa wazi kabisa, ningepita. Nikawaona wajumbe wananitazama, na ile heshima ya jana imo machoni mwao bado, na nikaona sauti ya tak-tak ni ndogo mno kushinda kura, inahitaji kusaidiwa.

Nikasema ndiye.

Sultani akakunja mkono wa shati, akazamisha mkono wote ndani ya beseni. Watu wakapiga kelele wakarudi ukutani. Akamshika samaki kwa ulaini chini ya tumbo. Tak-tak-tak-tak, spika ikasema. Sultani akasimama hivyo, akimtazama, mpaka kelele zikaisha.

"Huyu hamrushi mtu, Mwalimu. Ni amplifaya yangu. Nilikwambia usiichomeke ukutani, ukaniambia wimbo ni mrefu."

Sitaandika kicheko. Kilikuwa kirefu kuliko wimbo.

Baada ya hapo hakuna aliyeamini hata visahani. Mjumbe mmoja aliuliza kama sauti nayo haikuwa ya betri. Kura imepigwa. Chumba amepewa Sultani kuanzia Jumatatu. Chupa zangu zirudi kwangu.

Mama Ursula alinisindikiza mpaka getini. Nilidhani atanilaumu. Aliniita Mwalimu, kama siku zote, alikuwa mwanafunzi wangu wa kidato cha pili.

"Ungetuambia tu kwamba ni dhaifu, tungemsikiliza mpaka jioni. Chumba ningekutetea."

Nilimshukuru. Nililifikiria neno lake njia nzima. Kuna kitu ndani yake, naona, lakini bado sijakipata.


Jumatatu, 16 Septemba

Chupa zimefika nyumbani kwa toroli. Kifutu yuko juu ya kabati la vyombo. Kinyonga yuko dirishani. Mama Lucian amesema kifaranga asikae karibu na mayai, si adabu. Zaidi ya hapo hajasema kitu, na sauti yake ni ya kawaida, kwa hiyo nadhani nimesamehewa.

Samaki sikurudishiwa. Sultani ameomba abaki darasani, na bodi imekubali kwa furaha. Amewekewa dirishani karai kubwa la kubebea saruji, kuna mawe ndani na mzizi wa kujificha. Nilipita leo kumwangalia. Nilisimama nje. Ndani vijana walikuwa wameinamia spika, wamenyamaza, tak, tak, na hakuna aliyekuwa anachezea simu. Kulikuwa na wasichana wawili ambao baiolojia yangu waliilalia. Moyo wangu ulifurahi, naandika kweli.

Kisha nikamsikia Sultani anawaeleza. Aliwaambia samaki huyu anakaa majini, maji yanapita kwenye mitambo ya umeme, naye anajichaji polepole.

Kosa lilelile! Na sasa lina chumba.

Niliingia. Nilimweleza kwa utulivu. Akanipa kiti, akawaambia vijana wamsikilize babu. Walisikiliza. Mwisho Sultani akasema mimi na yeye tunasema jambo moja kwa maneno tofauti, na kwamba nikaribie kila Jumatatu kuwaeleza sehemu ya nyama, yeye ataeleza sehemu ya umeme. Nikamwambia hakuna sehemu ya umeme, nyama ndiyo umeme. Akasema hilohilo.

Nimerudi nikakaa chini, nikapima kwa uaminifu wapi nilikosea. Nimepata.

Samaki alikuwa mdogo.

Hilo tu. Kila kitu kingine kilikuwa sawa. Watu walitaka kurushwa, nami nikawaletea anayenong'ona. Lakini yuko mwingine. Kambare wa umeme, wa Ziwa Tanganyika. Huyo kiungo chake hakikai mkiani: kimemzunguka mwili mzima chini ya ngozi, kama koti, nacho pia kilitokana na msuli. Amri inatoka kwenye seli mbili tu za neva, kubwa ajabu, moja kwa kila upande. Volti mia tatu, hata zaidi. Kwa huyo, Sultani hatakunja mkono wa shati. Na huyo, akimpiga mtu, itakuwa kweli ni yeye, kwa hiyo sitakuwa nimesema uongo, Mama Lucian ataridhika.

Kulwa ana shemeji Kigoma. Beseni la bluu liko wazi. Pipa limejazwa jana.

Nimpigie Kulwa leo, kabla hajafunga meza, nimwagize kambare wa umeme wa Kigoma, mkubwa kuliko wote, amfunge vizuri, amtume na gari la asubuhi.